Pyuta ikikataa kukaa kwenye kalibu: dalili na vyanzo vyake kwa mafundi wa Unguja na Pemba

Kila masika yakiingia, lalamiko la mafundi wanaosubu mapambo ya pyuta, yaani wanaoyeyusha metali hii ya bati na kuimimina kwenye kalibu ili ishike umbo, huwa lile lile. Bati ni lile, kalibu ni ile, mkono ndio ule uliotoa vipande safi wakati wa kaskazi, lakini sasa kila kinachotoka kina vitundu. Wengi humlaumu aliyewauzia bati. Mara nyingi bati halina kosa. Kosa liko kwenye maji yaliyojificha ndani ya kalibu, au kwenye joto lililokisiwa kwa macho, au kwenye sufuria iliyowahi kuyeyushiwa kitu kingine.

Nimeupanga mwongozo huu kwa dalili. Kishike kipande kilichoharibika, kigeuze mbele na nyuma, tazama kimeharibikia wapi, kisha tafuta dalili hiyo hapa. Usikirudishe kwenye sufuria kabla ya kukitazama, maana pahali palipoharibika ndipo panapoonyesha chanzo. Na ukitaka kurekebisha, badilisha jambo moja kwa kila mmimino. Ukiongeza joto, ukapanua koo la kumiminia (njia ya metali kuingilia kalibuni) na ukapaka poda kwa mara moja, kipande kikatoka kizuri, hutajua ni lipi lililofaa, na wiki ijayo utakuwa pale pale.

Kwanza metali yenyewe. Pyuta ya leo ni bati kwa sehemu kubwa, baina ya asilimia 90 na 93, pamoja na metali iitwayo antimoni asilimia 6 hadi 8 na shaba kidogo isiyozidi asilimia 2. Antimoni na shaba ndizo zinazoipa ugumu, kwa sababu bati tupu ni laini mno, kipande chembamba hupinda kwa vidole. Bati tupu huyeyuka kwenye nyuzi 232 za Selsiasi. Pyuta huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 244, na haiwi majimaji kamili mpaka ikaribie nyuzi 295. Baina ya namba hizo mbili iko kama uji: ndani ya majimaji mna chembe ngumu zinazoelea. Zishike namba hizo mbili, maana nusu ya maradhi yanayofuata yanatoka hapo.

Ukingo haukujaa, nakshi zimefifia

Tuseme unasubu mfano mdogo wa mlango wa Mji Mkongwe, wenye mfaa katikati, minyororo pembeni na mayungiyungi chini. Umefungua kalibu ukakuta ncha za majani ya yungiyungi hazipo.

Tazama ukingo wa pale palipokosekana. Ikiwa umeviringana, ni laini, na uko mbali na koo, basi metali iliganda njiani kabla ya kufika. Ama kalibu ilikuwa baridi, ama metali ilikuwa baridi, ama koo ni jembamba. Ikiwa palipokosekana ni pembe iliyojifunga, isiyo na njia ya kutokea, na hapo pana kishimo kinachong'aa, hewa ilinaswa ikakosa pa kwenda. Na ikiwa kuna mstari unaokatiza kipande, kana kwamba mikondo miwili ilikutana bila kuungana, basi ulisita katikati ya kumimina, au mkondo uligawanyika ndani na ncha zake zikapoa kabla ya kukutana.

Kwa kalibu baridi, dawa ni kuipasha moto, siyo kuzidisha moto kwenye sufuria. Mafundi wengi hufanya kinyume: wanaacha kalibu ya chuma au ya jiwe baridi kabisa, halafu wanachochea mkaa mpaka metali inabadilika rangi. Matokeo ni kipande chenye ukingo usiojaa na sura yenye chembechembe kwa pamoja. Weka kalibu karibu na jiko ipate joto taratibu, au mimina vipande viwili vitatu vya mwanzo ukijua kuwa kazi yao ni kuipasha, kisha virudishe kwenye sufuria. Jiwe la Kisii, lile jiwe laini la kuchongea linalotoka Kenya, ni zuri sana kwa kazi hii kwa sababu linashika joto na linakubali mchoro mwembamba, lakini likiwa baridi hunyonya joto la metali mara moja.

Kalibu ya chuma ipitishe juu ya mwali wa kibatari mpaka ishike utando mwembamba wa masizi. Masizi hayo huzuia joto lisikimbie haraka na hurahisisha kipande kutoka. Kalibu ya silikoni haitaki masizi. Ipake poda ya watoto kidogo, kisha ipulize mpaka ibaki ile tu iliyong'ang'ania. Poda hupunguza ukaidi wa metali kwenye mifereji myembamba, na hewa hupata upenyo baina ya chembe zake. Ikizidi, hujaza nakshi zenyewe na sura ikatoka butu.

Kwa hewa iliyonaswa, chukua sindano au ncha ya kisu, chora mfereji mwembamba kama unywele kutoka kwenye ile pembe hadi nje ya kalibu. Hewa itapita, metali itaganda mlangoni. Fundi mzuri wa kuchonga milango huona tangu mwanzo pembe zipi zitanasa hewa, na ndiyo sababu napenda mchongaji na msubuji wakae pamoja kabla kalibu haijachongwa.

Jambo la mwisho hapa ni urefu wa koo. Metali hushuka kwa uzito wake. Koo likiwa fupi, sawasawa na kipande, hakuna kitu cha juu cha kuisukuma iingie kwenye vipembe. Liinue liwe na sentimita 3 au 4 juu ya sehemu ya juu kabisa ya kipande, na mdomo wake uwe mpana.

Joto gani?

Kwa kazi nyingi za mapambo mimina ukiwa baina ya nyuzi 300 na 350. Kipande chembamba chenye nakshi nyingi kinataka joto la karibu na 350, kipande kinene kinataka la karibu na 300. Kipimajoto cha metali kinafaa kununuliwa, hata kama ni ghali, kwa sababu kinaondoa ubishi. Kama huna, chovya ncha ya ukanda mkavu wa karatasi nyeupe kwa muda mfupi. Ikigeuka rangi ya kahawia taratibu, uko karibu. Ikibaki nyeupe, bado. Ikiwa nyeusi papo hapo au ikitoa moshi mwingi, umepitiliza. Iondoe sufuria motoni, usubiri. Jiko la mkaa halina kitasa cha kupunguza moto kama la gesi, kwa hiyo ukilitumia, zoea kuinua sufuria na kuishusha badala ya kuchezea mkaa.

Vitundu, malengelenge, na metali inayoruka

Hii ndiyo dalili ya masika, nami nitakaa nayo zaidi kwa sababu haiharibu kazi peke yake, inaunguza watu.

Tone la maji likiguswa na metali ya nyuzi 300 hugeuka mvuke mara moja, na mvuke huo huchukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya maji. Maji yakiwa chini ya metali, metali yote iliyo juu yake huruka. Vaa miwani ya kukinga macho, viatu vilivyofunikwa, na nguo za pamba, hata kama joto la mchana linakushawishi ufanye kazi kwa kandambili na shuka. Usitumbukize kijiko kibichi wala kipande cha bati kilichokuwa nje kwenye umande ndani ya sufuria yenye metali iliyoyeyuka. Kiweke kwanza ukingoni mwa jiko kikauke na kipate moto. Watoto wakae mbali, na usimimine penye kuvuja paa.

Sasa kitazame kitundu. Kikiwa cha mviringo, kuta zake laini na zinang'aa, hiyo ni gesi: mvuke au hewa. Kikiwa na kuta za kukwaruza, zenye vijino vijino, hicho si kitundu cha gesi, ni upungufu wa metali wakati wa kuganda. Ruka uende sehemu inayofuata.

Kitundu cha gesi kina baba zake wanne huku kwetu.

Wa kwanza ni plasta. Kalibu ya plasta iliyoanikwa juani mpaka ikawa nyeupe na nyepesi bado ina maji. Mengine yamefungamana na plasta yenyewe, na hayatoki mpaka joto lipite nyuzi 100 kwa saa kadhaa. Jua la Makunduchi, kali lilivyo, haliwezi kazi hiyo. Ingiza kalibu kwenye tanuri la mkate baada ya mkate kutoka, moto ukiwa umeshapungua, uiache humo usiku kucha. Kwenye oveni, nyuzi 120 hadi 150 zatosha. Ukizidisha sana plasta huwa unga unga na ncha za nakshi hukatika. Isubu ingali vuguvugu. Ukiiacha siku mbili kwenye hewa ya masika itanyonya unyevu tena, na hapo ndipo wengi huapa kwamba "niliikausha!" Ni kweli waliikausha, ila baadaye waliiacha wazi.

Wa pili ni mfupa wa dome, ule mweupe mwepesi ambao mawimbi huusukuma hadi ufukweni. Ni kalibu nzuri ya bure kwa kidani, herini au pambo la kasha, na hukiachia kipande mistari myembamba kama ya ubao, ambayo mimi naipenda na wateja wengi pia. Lakini umeloa maji ya bahari, na chumvi yake huvuta unyevu wa hewa hata baada ya kukauka. Uloweke kwenye maji baridi ya mvua au ya kisima, ubadilishe maji mara kadhaa, kisha uuanike siku nyingi, na mwisho uuweke karibu na jiko kabla ya kusubu. Wakati wa kumimina utanuka kama kitu kinachoungua, kwa sababu ndani yake mna mabaki ya mnyama. Harufu hiyo ni ya kawaida. Moshi mzito wenye kutokota si wa kawaida, acha kumimina.

Wa tatu ni mchanga. Mchanga wa pwani zetu ni wa matumbawe na makombe yaliyosagika. Kwa joto la pyuta hauna shida yoyote, lakini una chumvi, na wenyewe haushikani. Mafundi huongeza maji ili ushikane, na hayo maji ndiyo yanayotoboa kazi. Uoshe kwa maji yasiyo na chumvi, uukaushe, uuchekeche kwa kitambaa, halafu uuchanganye na udongo wa mfinyanzi uliosagwa laini. Udongo ndio unaoshikanisha, maji ni ya kuuamsha tu. Finyanga gao moja: likikaa bila kubomoka na ukilivunja likakatika katikati safi, unatosha. Ukiacha unyevu kiganjani, umezidi.

Wa nne ni mti. Kalibu ya mti inawezekana kabisa kwa pyuta, jambo lisilowezekana kwa shaba, na kwa visiwa vyenye wachongaji kama vyetu hii ni neema kubwa. Lakini mti mbichi una maji na utomvu. Tumia kipande kikavu, cha mti mgumu wenye nyuzi zilizoshikana, na ukubali kwamba baada ya mimino kadhaa uso wa nakshi utaungua na kufifia. Kwa oda ya vipande vichache, mti unatosha. Kwa oda ya duka la wageni, tengeneza kalibu ya silikoni kutoka kwenye kipande cha kwanza kilichosafishwa vizuri.

Kama kalibu ni kavu kabisa na vitundu bado vipo, tazama namna unavyomimina. Ukimwaga kutoka juu kwa kasi, mkondo huburuta hewa. Leta mdomo wa upawa karibu na koo, mimina polepole kwa mkondo mmoja usiokatika mpaka koo lijae.

Bonde mgongoni mwa sehemu nene

Kipande kimejaa, nakshi zipo, lakini mgongoni, palipo panene, pamezama. Au umekikata ukakuta pango lenye vijino ndani. Metali hupungua inapoganda. Sehemu nyembamba huganda kwanza, na zinapopungua huvuta metali kutoka sehemu nene. Sehemu nene ikifika zamu yake haina pa kuvuta.

Hapa kuongeza joto huzidisha ubaya. Fanya haya: lete koo kwenye sehemu nene badala ya nyembamba, na lifanye koo lenyewe kuwa nene kuliko sehemu hiyo, ili ligande mwisho kabisa na liendelee kulisha. Wengi huogopa koo nene kwa sababu ya kazi ya kulikata na kupiga tupa. Msumeno mdogo hulikata kwa dakika chache, na kilichokatwa kinarudi sufuriani, hakuna kinachopotea.

Dawa bora zaidi ni kubadilisha umbo. Chimba mgongo wa kipande ukiwa bado kwenye nta au mti, ukuta wote uwe na unene unaokaribiana, milimita 2 hadi 3. Utaokoa bati pia. Kwa vyombo vya mviringo kama mwili wa mrashi, pyuta inaruhusu ufundi mwingine: jaza kalibu, subiri sekunde chache mpaka ukuta ugande, kisha pindua umwage ya katikati iliyo bado majimaji. Ukuta ukitoka mnene upande mmoja, kalibu ilikuwa na joto lisilo sawa au uliinamisha ulipokuwa unasubiri.

Uso una chembechembe kama chumvi

Joto limezidi, ama la metali ama la kalibu. Ukiona nakshi zote zimejaa lakini uso umefifia, acha kalibu ipumzike baina ya mimino. Ukifanya kazi haraka kwa kalibu moja, kipande cha kumi kitakuwa na ugonjwa huu hata kama cha tatu kilikuwa kizuri. Tengeneza kalibu mbili uzipokeze.

Metali imekuwa nzito kama tope

Hapa kuna vyanzo viwili vinavyofanana kwa macho, na dawa za mmoja ni sumu kwa mwengine.

Cha kwanza hakina ubaya. Metali iko baina ya zile nyuzi 244 na 295. Unaona ukokoto unaelea, unadhani ni taka, unauengua kwa kijiko na kuutupa. Ulichotupa si taka. Ni chembe zenye antimoni na shaba nyingi zaidi. Ukifanya hivyo kila siku, sufuria yako inabaki na bati laini, na baada ya muda unalalamika kwamba vipande vinapinda. Kabla ya kuengua chochote, pandisha joto lipite nyuzi 300 na ukoroge. Ukokoto ukiyeyuka, ilikuwa metali. Kinachobaki juu kikiwa unga wa kijivu mkavu, hiyo ndiyo taka, iengue.

Cha pili ni kuchafuka. Umepandisha hadi 330, umekoroga, na bado juu kuna ngozi nzito inayojirudia kila ukiiondoa, na metali inaburuta mkia kwenye upawa. Hapo shuku zinki au alumini. Kiasi kidogo sana cha metali hizi chatosha kuharibu sufuria nzima. Na zinaingia kwa njia za kawaida kabisa: kuyeyushia kwenye ndoo au kopo lililopakwa zinki, kuyeyushia kwenye sufuria ya alumini ya kupikia wali na kuikwaruza chini kwa kijiko, kutumbukiza vipini vya bomba na vipuri vya gari kwa kuwa vinaonekana vyeupe kama bati. Njia inayonisikitisha zaidi ni ya fundi anayetaka kuongeza shaba ili kazi iwe ngumu, akatia vipande vya misumari ya mlango wa zamani. Misumari ile si shaba tupu, imechanganywa na zinki. Ameipoteza misumari na ameipoteza pyuta.

Ukihitaji shaba, tumia waya wa umeme uliosafishwa, uliokatwa vipande vifupi. Bati lililoyeyuka humumunyua shaba taratibu ingawa shaba yenyewe haiyeyuki mpaka nyuzi 1,085. Antimoni siishauri isagwe nyumbani, vumbi lake ni sumu. Nunua pyuta iliyokwisha kuchanganywa. Na makopo ya maziwa hayana bati la kuyeyusha. Ni chuma chenye utando mwembamba mno juu yake.

Metali iliyochafuka kwa zinki iweke kando, uisubu vizito vya kuzuia milango au kitu kisichohitaji nakshi. Usiichanganye na nzuri ukidhani itapungua makali. Na tangu leo tenga sufuria ya chuma kwa pyuta peke yake.

Ufa

Ufa ulio kwenye kona ya ndani, pale sehemu nyembamba inapokutana na nene, umetokana na haraka au kalibu ngumu iliyokizuia kipande kujikunja kinapopungua. Iviringe kona hiyo kidogo, na subiri. Koo likipoteza mng'ao wake wa majimaji bado ndani kuna sehemu laini. Hesabu polepole dakika moja au mbili kwa kipande kinene kabla ya kufungua. Kipande kinachovunjika kama biskuti kwa kukipinda kidogo, na ndani kina chembe kubwa, kina antimoni iliyozidi au kimechafuka.

Utando mwembamba wa metali unaotoka kwenye maungio ya kalibu ni jambo dogo: funga kalibu kwa jiliwa, au uifute maungio, mara nyingi kuna punje ya mchanga. Tupa ikijaa metali isipokate, isugue kwa chaki kabla ya kuanza.

Kipande kinageuka cheusi, au kinaacha alama kwenye karatasi

Pyuta safi haipati kutu. Hewa ya bahari huififisha taratibu ikawa ya kijivu laini, na kitambaa chenye dawa ya kung'arishia huirudisha. Lakini kipande kilichosubiwa mwezi uliopita kikiwa kimeshakuwa cheusi cha risasi, basi risasi, ile metali nzito ya chubwi na betri, imo.

Pyuta za kale za Ulaya zilikuwa na risasi. Karne ya 18 mafundi wa Sheffield, Uingereza, walianza kutumia antimoni badala yake wakapata metali ngumu zaidi na inayong'aa zaidi. Siku hizi kiwango cha ASTM, shirika la viwango la Marekani, kinataka risasi isizidi asilimia 0.05. Huku kwetu risasi huingia kwa mlango mmoja mkubwa: uvuvi. Sufuria iliyoyeyushiwa chubwi za mshipi hubaki na risasi kwenye mikwaruzo, na chubwi moja iliyotumbukia kwa bahati mbaya yatosha kukipitisha kiwango hicho mara nyingi. Mlango wa pili ni risasi ya kuchomelea redio, ile ya asilimia 60 bati na 40 risasi, ambayo huyeyuka kwa joto dogo na kumdanganya fundi kwamba amepata pyuta rahisi. Risasi ya betri za gari usiiguse kabisa.

Sugua kipande kwenye karatasi nyeupe. Mstari wa kijivu uliokolea ni ishara ya risasi nyingi. Kwa uhakika zaidi, tumia mizani ya jikoni inayosoma gramu. Pima kipande. Kisha weka bakuli la maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, uning'inize kipande kwa uzi kizame chote bila kugusa chini wala kuta. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba inayosomeka sasa. Pyuta isiyo na risasi itatoa takriban 7.3: kipande cha gramu 146 kitasoma kama 20. Kile cha risasi asilimia 40 chenye uzito huo huo kitasoma kama 17. Kitundu ndani hupunguza jibu, kwa hiyo tumia kipande kigumu kisicho na pango, na kikubwa kiasi. Kipimo hiki hakioni risasi ya asilimia moja. Kinaona udanganyifu mkubwa tu, na ndio ulio mwingi.

Kama risasi imo, kitu hicho kisiwe kikombe, sahani, kijiko wala kidani cha mtoto. Ndimu na ukwaju huitoa risasi kwenye metali ikaingia kwenye chakula, na mtoto huitoa kwa mate. Usimfiche mteja. Osha mikono na nguo zako, na taka iliyoenguliwa usiifagie uani wanapochezea watoto.

Chetezo kimelegea, dele limetoboka

Oda hizi huja sana kwa sababu umbo lake ni zuri na linapendwa. Kaa la moto hupita nyuzi 500 kwa urahisi, na pyuta haimalizi hata 300. Hakuna mchanganyiko wa bati utakaostahimili ubani uliowekwa juu ya kaa. Kisubu kikiwa ganda la nje tu, ndani uweke kikombe cha udongo wa mfinyanzi kinachosimama juu ya vijiguu vyake, pawe na nafasi ya hewa isiyopungua sentimita moja pande zote na chini. Kisha kiwashe mwenyewe kwa saa nzima, ukiligusa ganda mara kwa mara, kabla ya kumkabidhi mteja. Likiunguza vidole, ongeza nafasi au fanya ganda la shaba na pyuta iwe kwenye mapambo ya chini.

Dele la kahawa ni hivyo hivyo. Kahawa inayochemka haivuki nyuzi 100, na dele likiwa limejaa laweza kuonekana salama, lakini siku litakaposahauliwa juu ya mkaa kahawa ikakauka, kitako kitadondoka. Mwambie mteja kabla hajalipa kwamba hilo ni la kumiminia mezani, na lisipande jikoni.